Pailoti ya hita ya gesi inazimika? Usizibe matundu ya hewa!

Mleta uzi, hiyo tepu na hilo sponji viweke chini kwanza. Unasema pailoti ya hita yako ya maji, yaani ule mwali mdogo unaowaka muda wote ili kuwasha kichomeo kikubwa, inazimika kila mara, fundi kakuambia "ni upepo tu", na kesho unaziba matundu ya mlango wa kile chumba kidogo ilimo hita ili upepo usiingie. Usizibe. Hata tundu moja usiliguse.

Kwetu fundi alisema maneno hayo hayo, tena kwa kujiamini kabisa. Alichungulia kidogo, akatikisa kichwa, akaziba tundu la juu kwa bati na la chini kwa tambara zito. Mwali ukatulia kwa muda, tukamshukuru. Kisha ukaanza kuzimika tena, safari hii kwa mtindo mwingine. Mwanzoni ulikuwa unazimika ovyo, hata hita ikiwa imepumzika. Sasa ukawa unazimika mtu akiwa katikati ya kuoga, kichomeo kikubwa kikiwa kimewaka kwa muda mrefu. Fundi akarudi, akasema themokapo, kile kifaa kidogo kinachohisi joto la pailoti. Ikabadilishwa, mwali ukazimika. Akasema vali ya gesi, na hicho ni kifaa ghali kuliko karibu vyote kwenye hita ukiondoa tangi lenyewe. Ikabadilishwa, mwali ukazimika. Vifaa vizima vilitolewa, vikawekwa vizima vingine, na muda wote huo hakuinama hata mara moja kuangalia hewa inaingilia wapi na moshi unatokea wapi.

Na pesa ilikuwa hasara ndogo. Watu nyumbani walianza kuamka na vichwa vizito. Kichefuchefu, miguu kulegea, kizunguzungu. Tukasema mafua, tukasema uchovu. Mtu akishinda nje anajisikia vizuri. Akirudi jioni, watu wakishaoga, kichwa kinaanza upya. Hapa naomba usome polepole: watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa namna moja, na wote wakapata nafuu wakitoka nje, usikimbilie kusema ni mafua. Fikiria kaboni monoksaidi kabla ya jambo lingine lolote. Zima hita, fungua madirisha, toka nje na watu wako wote, mkamwone daktari na mumwambie wazi kwamba nyumbani kuna hita ya gesi. Asipoambiwa hilo, naye anaweza kudhani ni mafua.

Kisa chake ni hiki. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia inahitaji karibu mita 10 za ujazo za hewa ili iungue sawasawa. Gesi ya mtungi ina njaa zaidi: propani inataka karibu 24. Hewa hiyo inaingilia kwenye matundu yale yale unayotaka kuyaziba. Isipotosha, gesi inaungua nusunusu na kutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Usijidanganye kwamba pua itakuokoa. Ile harufu kali tunayoijua ni dawa inayotiwa kwenye gesi ili ikivuja ijulikane. Gesi ikishaungua, hata ikiungua vibaya, harufu ile haipo.

Tena kuna hita ambazo pailoti yake imetengenezwa makusudi izimike hewa ikiharibika. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Kwenye hita hizo, oksijeni ikishuka kufikia kama asilimia 18, mwali unainuka na kuiacha ncha ya themokapo, themokapo inapoa, vali inafunga gesi. Hita imefanya kazi yake. Wewe kuja kuziba matundu ni sawa na kumziba mdomo mtu anayekuita akuonye.

Aliyetusaidia hatimaye alikuja na njiti ya kiberiti. Kwanza alituonyesha juu ya tangi: pale bomba la maji ya moto linapotokea kulikuwa na pete ya plastiki, na pete ile ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, ule unaoelekea bomba la moshi, na rangi ya bati pembeni yake imebabuka na kuwa kahawia. Tulikuwa tunapita hapo kila siku. Maana yake moshi wa moto haukuwa unapanda, ulikuwa unarudi chini na kumwagika ndani ya nyumba. Kaangalie kwako leo. Plastiki iliyoyeyuka, masizi kwenye mdomo wa kofia iliyo juu ya tangi, pale moshi unapoingilia bomba, bomba la moshi lenye kutu au lililoachana kwenye maungio: ukiona kimojawapo, acha kuwasha hita kabisa mpaka bomba likaguliwe.

Jaribio lenyewe ni hili, na kama kuna harufu ya gesi usilifanye. Funga madirisha na milango ya nje, washa feni za kutolea hewa za jikoni na bafuni, kisha fungulia maji ya moto mpaka kichomeo kikubwa kiwake. Subiri dakika tano hivi bomba lipate joto. Washa njiti, izime, upitishe moshi wake kwenye ukingo wa ile kofia. Moshi ukivutwa kuingia ndani ya kofia, bomba linavuta. Ukisukumwa kukurudia usoni, zima hita papo hapo na ufungue madirisha. Feni nazo usizidharau, kwa sababu nyumba ikifungwa kila upande zinaweza kunyonya hewa kupitia bomba la moshi, na moshi ukashuka badala ya kupanda.

Kuna atakayesema upepo upo kweli. Upo, sikatai. Lakini upepo unaozima pailoti mara nyingi unateremka kwenye bomba la moshi kutoka juu ya paa, na dawa yake ni kofia nzuri juu ya bomba, au kulirefusha lipite usawa wa paa. Matundu ya mlango hayahusiki. Fundi anayesema "upepo" bila kupanda kuangalia bomba anabahatisha kwa pesa yako na kwa pumzi ya watoto wako, na wa namna hii wananikera kupita kiasi. Kupima kwa njiti ya kiberiti kunamshinda, halafu kuuza vali mpya kunakuwa rahisi?

Themokapo, kwa kuwa umeiuliza: ni metali mbili tofauti zilizounganishwa nchani. Ikipata moto inazalisha umeme mdogo sana, kama milivoti 25 hadi 30 ikiwa nzima, na huo ndio unaoipa nguvu sumaku inayoishikilia vali ibaki wazi. Ukishikilia kile kitufe cha kuwashia pailoti dakika nzima na mwali bado unakufa mara tu ukiachia, hapo ndipo uishuku themokapo, au maungio yake kwenye vali yamelegea, au mwali ni mdogo na hauilambi ncha yake kwa urefu wa kama sentimita moja. Mwali mdogo, mlegevu na wa njano mara nyingi ni uchafu kwenye tundu la pailoti au kwenye wavu wa kuingizia hewa chini ya hita. Vumbi na utando wa buibui hupenda sana kukaa hapo. Zima gesi, acha ipoe, safisha kwa brashi laini. Lakini ikiwa mwali unabaki vizuri ukiachia kitufe, halafu unakufa baada ya kichomeo kuwaka muda, usianze kununua vifaa. Anza na hewa na moshi.

Na yule aliyekushauri ubane kitufe kwa tepu kisiachie, usimsikilize. Mwali ukizimika, gesi ya pailoti itaendelea kutoka bila kuungua, na kama ni ya mtungi itatulia sakafuni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ikingoja cheche.

Nunua pia kengele ya kaboni monoksaidi, uiweke karibu na vyumba mnavyolala. Sisi tuliinunua baada ya yote hayo, wewe itangulize.

Maswali yako ya maji yenye rangi ya kutu na ukubwa wa tangi, wengine watakujibu. Mimi nataka kujua mambo mawili tu: moshi wa njiti ulielekea wapi, na mwali huwa unakufa wakati gani, ukiachia kitufe au baada ya watu kuoga? Lete majibu hayo hapa, ndipo tujue kama utafute themokapo au mtu wa kupanda kwenye paa.