Riba ya akaunti ya amana ya wakili Marekani (IOLTA): kwa nini haionekani kwenye vitabu vyenu

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini riba ya akaunti ya amana haiingii kwenye hesabu za ofisi ya wakili unayoitunzia vitabu huko Marekani, na kama mteja anaweza kuidai. Ofisi haina haki nayo hata senti. Mteja naye kwa kawaida hana cha kudai, kwa sababu hela yake ingekaa peke yake isingezaa kitu baada ya makato.

Wakili akipokea hela ambayo bado si yake (ada iliyotangulia kazi, fidia ya bima inayosubiri mgawo, malipo ya nyumba yanayosubiri hati kusainiwa) haruhusiwi kuichanganya na ya ofisi; huiweka kwenye akaunti ya amana. Zamani ilikaa kwenye akaunti ya hundi isiyo na riba na aliyefaidika ni benki. Florida ndiyo iliyotangulia Marekani kuichota riba hiyo: sheria ya shirikisho ya 1980 ilifungua njia ya akaunti za hundi zenye riba, na mpango wao wa IOLTA (Interest on Lawyers' Trust Accounts, yaani riba ya akaunti za amana za mawakili) ukaanza kazi 1981. Leo majimbo yote 50 yanao. Riba inakwenda kwenye mfuko wa jimbo, nao unagawa ruzuku kwa ofisi za msaada wa kisheria kwenye kesi za madai. Kesi za madai zina uhitaji wa pekee, maana hukumu ya Gideon dhidi ya Wainwright ya 1963 ilimhakikishia wakili mshtakiwa wa jinai asiye na uwezo. Anayetolewa kwenye nyumba ya kupanga hakutajwa humo.

Sasa hela ipi iingie IOLTA? Ni ile ndogo, au ile ya kukaa muda mfupi, kiasi kwamba haiwezi kumletea mteja faida halisi. Piga hesabu. Dola 1,500 kwa siku 10, riba ya asilimia 1 kwa mwaka, ni senti 41. Hakuna benki wala karani atakayefungua akaunti kwa senti 41. Lakini dola 40,000 zikitarajiwa kukaa miezi 6 kwa asilimia 2 ni dola 400. Hiyo mfungulie mteja akaunti yake, kwa namba yake ya kodi, na riba ni yake. Unapoamua, pima kiasi, muda, kiwango cha riba, na gharama ya kuiendesha akaunti pamoja na kazi ya ofisi. Hali ikibadilika, mathalani kesi ikaahirishwa mwaka mzima, pima upya. Hapo ndipo wengi hujisahau: hela iliingia kama ya wiki mbili, ikageuka mkaazi.

Akaunti ya IOLTA inafunguliwa kwa jina la ofisi ila kwa namba ya kodi ya mfuko wa jimbo. Kosa la mara kwa mara ni afisa wa benki kuweka namba ya ofisi kwa mazoea. Matokeo yake riba inajikusanya kwenye akaunti na fomu ya kodi inakuja kwenu. Ukikuta hivyo, usiihamishie kwenye akaunti ya matumizi. Iandikie benki irekebishe namba, kisha muulize mfuko jinsi ya kuwapelekea iliyokwisha kuingia.

Makato nayo yana mipaka. Ada ya kawaida ya kuendesha akaunti yaweza kukatwa kwenye riba. Ada ya kuchapisha hundi, ya kutuma hela kwa waya, au faini ya akaunti kuishiwa ni ya wakili. Benki ikiikata kwenye salio, imekata hela ya mteja mmoja kulipia shughuli ya mwingine. Ndiyo maana kanuni humruhusu wakili kuweka humo kiasi kidogo chake cha kulipia makato tu, nacho kiwe na ukurasa wake kwenye daftari.

Kila mwezi linganisha vitu vitatu: taarifa ya benki (ukishatoa hundi ambazo hazijalipwa na kuongeza amana ambazo hazijaonekana), daftari kuu la amana, na jumla ya kurasa za wateja. Vyote vitatu vitoe namba moja. Na usiridhike na jumla pekee: mteja mmoja akiwa hasi dola 200, jumla yaweza kukaa sawa huku hela ya jirani yake imeshaliwa. Chanzo kikubwa ni kuandika hundi kabla hundi iliyowekwa haijaiva (hela yake haijaingia benki).

Kuhusu mteja kudai: suala hili lilifika Mahakama Kuu ya Marekani mara mbili. Mwaka 1998 (kesi ya Phillips) ilisema riba ni mali ya mwenye mtaji. Mwaka 2003 (kesi ya Brown), kwa kura 5 kwa 4, ikasema hata ikichukuliwa, fidia ni sifuri kwa kuwa hakupoteza kitu. Brown, mmoja wa waliodai, alikuwa na dola 90,521.29 zilizokaa siku mbili, akakadiria riba yake dola 4.96. Kwa mteja anayekwepa riba kwa ajili ya dini, mweleze hivi: riba haipiti mkononi mwake, ila kwenye majimbo mengi hawezi kuchagua kutoka.

Udhaifu wa mpango ni kwamba unapanda na kushuka na riba ya benki kuu. Desemba 2008 ilishushwa hadi kati ya 0 na asilimia 0.25, mikopo ya nyumba nayo ikawa imedorora, salio na riba vikaporomoka pamoja, wakati huohuo foleni ya wanaonyang'anywa nyumba ikirefuka. Machi 2020 riba ikashushwa tena hadi hapo. Mfuko wenye busara hutunza akiba mwaka wa neema badala ya kugawa yote.

Kesho anza na taarifa ya mwezi uliopita: tafuta mstari wa riba iliyoingia na mstari wa riba iliyopelekwa mfukoni. Kama wa pili haupo, piga simu benki kabla ya kugusa kingine.