Jiki nimemimina, mizizi bado inaoza

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nipo Mwanga, Kigoma. Nalima saladi bila udongo kwenye mabomba ya PVC ya inchi 4, na maji natumia ya ziwani. Zao la kwanza lilinilipa. La pili mizizi ikageuka kahawia, ikawa inateleza na kunuka. Nikang'oa yote, nikamimina kifuniko kimoja cha jiki kwenye tanki la lita 100, pampu ikazungusha usiku kucha. La tatu nalo linakufa vilevile. Niongeze jiki? Na makapi ya nazi ninayopandia niyarudie?

Jibu: Marahaba. Kifuniko kimoja kwa lita 100 ni kidogo mno, lakini hata ungemimina chupa nzima usingefika mbali. Klorini, dawa iliyomo ndani ya jiki, haichagui cha kuua: ikikutana na vipande vya mizizi, ukungu wa kijani na ule utelezi ulioganda ndani ya bomba, inaishia hapohapo kabla ya kukifikia kimelea kilichojificha chini yake. Dalili zako zinafanana na za Pythium, kimelea kinachosambaa kwa kuogelea majini. Baadhi ya mbegu zake zina ganda nene linalostahimili ukavu, kwa hiyo hata kuanika juani peke yake hakutoshi.

Osha kwanza. Fungua kila kinachofunguka, funga tambara gumu katikati ya kamba ndefu, ulivute ndani ya bomba huku na huku mpaka litoke safi. Pampu ndiyo watu huisahau. Mimi mwenyewe niliwahi kusugua mfumo mzima, pampu nikairudisha kama ilivyo. Wiki ya pili harufu ikaanza. Nilipofungua kifuniko chake cha mbele nikakuta mizizi imejisokota kwenye ile feni ndogo kama nywele kwenye kitana. Sabuni ya mawese mnayojivunia huko iachie nguo: maji ya Tanganyika yana magnesiamu nyingi, na yakikutana na sabuni ya mche huacha utando. Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.

Sasa pitisha kidole pale maji yanapoingilia bomba. Ukigusa magamba meupe kama ya ndani ya birika, hayo sabuni haiyatoi. Ziwa lenu lina pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati na juu yake alkali) inayokaribia 9, na maji ya namna hiyo yakichanganyika na mbolea huacha chumvi zinazoganda, nazo ni maficho mazuri kwa vimelea. Loweka kwa siki, au ndimu ya unga vijiko vitatu vya chakula kwa lita ya maji, kwa saa moja, kisha sugua. Suuza sana kabla ya hatua inayofuata. Siki au ndimu ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaunguza mapafu. Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wakizichanganya ndoo moja wakidhani wanaongeza nguvu.

Ndipo jiki iingie. Soma lebo, kama ni ya asilimia 3.5, lita 1 kwa lita 6 za maji inakupa takriban asilimia 0.5. Vikombe vya kupandia vizame kwenye ndoo nusu saa. Bomba la mita 3 hulijazi, maana linameza karibu lita 24. Ziba ncha zote mbili, lilaze matundu yakiwa juu, mimina lita nne, uliinamishe mara upande huu mara ule. Sehemu ya juu na kingo za matundu zipanguse kwa sponji yenye dawa hiyohiyo, urudie zisikauke ndani ya nusu saa. Vaa glovu, fanyia kivulini, na uchanganye siku hiyohiyo, kwani jua na joto huimaliza jiki upesi.

Utasikia kwamba klorini haifai maji yenye pH kubwa. Ni kweli kiasi: kwenye 7.5 karibu nusu yake ndiyo iko katika umbo lenye nguvu, kwenye 9 hushuka chini ya asilimia 5. Ila jiki yenyewe ina pH kubwa kuliko ziwa, na kwa mchanganyiko mzito kama huu kinachofidia ni muda. Usiipunguze pH kwa siki, nimeshasema kwa nini.

Suuza mara mbili hadi harufu iishe, simamisha mabomba ukutani siku nzima yakauke.

Makapi ya nazi yaliyougua tupa, mbali na bustani. Sponji za miche vilevile. Kama una kokoto, zioshe uzichemshe.

Ukirudisha mfumo, funika tanki mwanga usipenye na uliweke kivulini, maana maji yenye joto hushika hewa kidogo na Pythium huyapenda. Panda miche mitano tu kwanza. Kila asubuhi inua kikombe kimoja uitazame mizizi: ikibaki myeupe kwa wiki mbili, jaza mabomba.