Dada wa Shela, mwambie fundi aweke mwiko chini kwanza

Dada, simamisha kazi. Salamu nitakupa mwishoni nikikumbuka.

Umesema una chumba cha bustani huko Shela, Lamu, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, paa la makuti juu ya boriti. Chini ya ukuta panachubuka na kutoa unga mweupe, na fundi amekushauri upige plasta ya saruji, halafu rangi ya mafuta, "ili kiwe rahisi kufuta kwa kitambaa". Ukauliza na mengine, sijui sakafu, sijui mito ya viti, sijui kisafishwe mara ngapi kwa mwezi. Mimi nilipofika kwenye saruji niliweka kikombe cha chai chini.

Maneno hayo hayo niliambiwa hapa Malindi. Rahisi kufuta! Nimefuta, dada. Nimefuta akiba yangu yote.

Chumba changu kiko nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Alikijenga marehemu baba kwa mawe na chokaa, na kila mwaka kabla ya masika alikuwa anakipaka chokaa mwenyewe, kofia kichwani, brashi ya makumbi mkononi. Sisi watoto tuliona haya, tukidhani ni ubahili. Alipofariki nikasema sasa nakifanya cha kisasa, nilaze wageni. Nikaita fundi mwenye sifa zake, simu imejaa picha za majumba. Akagonga ukuta kwa kidole, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya: "Hii chokaa imechoka." Shilingi 46,000, plasta ya saruji ndani na nje, juu yake rangi ya mafuta mikono miwili. Kikang'aa, wallahi. Nilipiga picha nikamtumia kila mtu, hata shemeji ambaye hatusemezani.

Masika yalipokwisha na upepo wa kusi umeshika, nikaona lengelenge usawa wa goti, nyuma ya kitanda. La ukubwa wa mahamri. Nikalibonyeza kwa kidole gumba, likapasuka, maji yakanichirizika mpaka kwenye kiwiko. Nikalamba (usinicheke, sikuwa na shahidi). Chumvi tupu. Na nyuma ya ngozi ile ya rangi, ukutani, kumeota vinyuzi vyeupe laini kama pamba ya msufi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pesa ilipo. Ukuta wa matumbawe unanyonya maji ya ardhini kama utambi wa koroboi. Sisi wa pwani ardhi yetu ina chumvi, visima vina chumvi, upepo wenyewe una chumvi. Chokaa haiyazuii maji hayo, inayapitisha: yanapanda kidogo, yanatoka nje kama mvuke, chumvi inabaki usoni mwa ukuta. Huo unga mweupe unaouchukia ndio huo. Unafagiwa kwa brashi kavu, mambo yanakwisha. Ukiziba uso kwa saruji na mafuta, maji hayaachi kuingia, yanakosa pa kutokea tu. Basi yanapanda juu zaidi kutafuta mlango, na chumvi inaganda ndani, chembe zinakua, zinasukuma plasta kwa nyuma mpaka inaachia.

Laiti ningejua hayo siku ya lengelenge la kwanza, hasara ingeishia kwenye 46,000. Lakini nikamwita nani? Fundi yule yule. Akasema kosa ni la rangi, si lake. Tukaenda dukani, na muuzaji, kijana mwenye ulimi wa asali, akatutolea rangi ya kuzuia maji, akasema hii haipitishi hata pumzi. Na kweli haikupitisha! Ndilo neno pekee la ukweli nililoambiwa mwaka ule. Nikalipa 31,000 nyingine, rangi na ufundi, kwa ajili ya kuunyonga ukuta wangu mwenyewe.

Unyevu ulikuwa gotini, ukafika kifuani. Mwaka uliofuata, saa nane usiku, tukasikia kishindo bustanini. Nikatoka na rungu na kikoi, nikijua ni mwizi. Kumbe ni kipande cha plasta upana wa mlango kimelala sakafuni. Nilisimama nacho pale kwa muda, mimi na rungu langu. Mke wangu akauliza kutoka dirishani kama nimemkamata.

Asubuhi nikakigeuza. Nyuma yake kilikuwa kimebanduka na ngozi ya jiwe, unene wa kidole. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe, ikianguka haianguki peke yake. Na baya zaidi lilikuwa juu: boriti mbili, pale vichwa vyake vinapoingia ukutani, kisu kiliingia mpaka kwenye mpini. Mkoko huo, mti unaovumilia miaka na miaka ukiwa mkavu, umeoza kwa kufungiwa na unyevu.

Kubandua kwa tindo, kungoja ukuta ukauke kwa miezi, boriti mpya, plasta ya chokaa upya: 118,000. Usiniulize nilizipata wapi. Fundi wangu wa kwanza siku hizi akiniona sokoni anavuka barabara, na mimi namwacha avuke, kwa sababu nikimshika tutaonekana wote wawili wajinga.

Basi kanuni yangu ni moja: ukuta wa chokaa hupewa chokaa. Plasta ya chokaa, rangi ya chokaa, kiraka cha chokaa. Wewe uko Lamu, dada! Mji wenu wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, umejaa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, wazee wanaojua kuzima chokaa, yaani kuitia maji kabla ya kuitumia, uko nao mtaa mmoja, halafu unakubali kudanganywa na mtu mwenye mfuko wa saruji? Mimi huku ilibidi niende kwenye magofu ya Gede kutazama kuta zilizoachwa karne kadhaa zilizopita, bado zimesimama, ndipo nikaelewa baba alikuwa anafanya nini na ile brashi.

Kupaka kwenyewe si kazi ya kutisha. Sugua unga kwa brashi kavu, usimwagie maji, maana yanairudisha chumvi ndani. Rangi ya chokaa iwe nyepesi kama maziwa. Nyunyizia ukuta maji kidogo sana, ulowe tu, kisha paka asubuhi kabla jua halijaufikia, mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukauke kwanza. Ukipaka nene itapasuka. Usitie chumvi kwenye mchanganyiko hata kama bibi yako alitia. Na vaa miwani, chokaa ikiingia jichoni inaunguza kweli. Faida nyingine ni kwamba kuvu haipendi chokaa, kwa hiyo yale madoa meusi ya pembeni nayo yanapungua.

Halafu tazama nje. Mimi nilikuwa nimepanda asumini pembeni mwa ukuta, udongo umepanda juu kuliko sakafu ya ndani, na jioni namwagilia kwa mpira huku nikiimba. Niliimwagilia nyumba. Shusha udongo uwe chini ya sakafu, maua yasogee hatua mbili. Ndani, kitanda na kabati visiguse ukuta, acha upana wa kiganja hewa ipite.

Makuti yafagie kwa ufagio mrefu mkavu, buibui na vumbi, basi. Ile mashine ya kurusha maji kwa nguvu isikaribie, inachana makuti. Sakafu ni mopu iliyokamuliwa vizuri, si ndoo kwa ndoo. Mito ya viti... kwa kweli yangu nilishatupa, iliota ukoga wakati wa vita ile, kwa hiyo hapo sina la kukwambia. Kuhusu mara ngapi kwa mwezi, watakujibu wengine.

Umesema fundi anakuja Jumatatu. Mpigie leo. Kama saruji imeshashushwa kutoka kwenye punda, usiirudishe kwa hasara, jengea msingi wa tangi la maji. Ile rangi ya mafuta rudisha dukani kabla kopo halijafunguliwa, risiti iwe mkononi. Akikwambia chokaa imechoka, mwambie abonyeze ukuta kwa kidole gumba, kisha akuonyeshe hayo malengelenge yako wapi.

Na salamu, dada. Karibu Malindi, utalala chumba cha bustani.