Aliyejinasibisha hudaiwa: barua kwa mwanangu

Mwanangu Swafia,

Wa alaikum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni nakaanga viazi vya karai, nikaunguza nusu. Ndiyo maana nakujibu kwa maandishi. Kwa sauti mimi hupotea njia nikaishia kwenye habari za majirani.

Nisije nikakujibu nisiloulizwa: umesema mnafundishwa kwamba balagha, yaani sanaa ya kuwavuta watu kwa maneno, siku hizi si kupanga hoja na kupamba maneno tu, kwamba yuko Mmarekani, Kenneth Burke, aliyesema msemaji huwavuta watu kwa kujinasibisha nao, yaani kujionyesha kuwa ni mwenzao. Kisha ulipokuja Lamu sikukuu ya Idi ukamwona yule mgombea pale Mkunguni, mbele ya ngome, kavaa kikoi na kofia ya kushonwa kwa mkono, anasema "mai" badala ya maji na "yana" badala ya jana, na sote twajua amekulia Nairobi. Watu wakampigia makofi. Ukaniuliza: "Mama, huo si unafiki? Na kama ni unafiki, mbona naufanyia mtihani?"

Kwanza, hilo neno kujinasibisha umelichagua wewe au mhadhiri wako? Yeyote aliyelichagua kaweka ndani yake kitu ambacho sidhani Burke alikuwa nacho. Nitakifikia.

Zile nakala ulizoziacha rafuni nimezisoma, kalamu mkononi, kama nilivyokuwa nikisahihisha insha. Burke, mwaka 1950, aanzia mahali pa huzuni kidogo: watu wametengana. Kila mtu na mwili wake, na tumbo lake, na mlango wake. Tungekuwa kitu kimoja kweli, asingehitajika mtu wa kusimama jukwaani kutuambia kuwa sisi ni kitu kimoja. Kwa hiyo kila "sisi" unayoisikia kwenye kipaza sauti, chini yake pana ufa. Aristotle alikwisha kueleza kinachomfanya msemaji aaminike: tabia yake, hisia za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Burke hakuyatupa hayo. Aliuliza la kabla yake: kwa nini nikutegee sikio hata kidogo? Akajibu kwamba utasema lugha yangu, kwa sauti, kwa ishara, kwa mpangilio wa maneno, kwa namna ya kuyaona mambo, mpaka nione shauri lako ni shauri langu.

Wala hakuwa mtoto, asijue hilo laweza kufanya nini. Mwaka 1939, vita vikinukia Ulaya, alikaa akakichambua kitabu cha Hitler wakati wengine walitosheka kukitukana. Alitaka kujua mganga yule kapika dawa gani, wasije Wamarekani wakapikiwa hiyo hiyo. Akaonyesha jinsi "sisi" ile ilivyojengwa: watu waliovunjika kwa kushindwa vita na kwa dhiki wakapewa adui mmoja, Wayahudi, na katika kuchukia pamoja wakajiona wamekuwa wazima. Basi swali lako Burke alijiuliza mwenyewe, tena miaka kumi na mmoja kabla ya kuandika hayo mnayoyasoma darasani.

Sasa nasaba. Kwetu mtu hajinasibishi bure. Akija mlangoni akasema "mimi ni wa kwa bibi Fulani," ataulizwa: kwa mwana yupi, nyumba ipi, aliyeolewa wapi? Akipita, kahawa atanywa. Lakini tangu siku hiyo yumo hesabuni. Kwenye maziko ataangaliwa kama amekuja, kwenye harusi atatoa mchango, pakitokea ugomvi ataitwa saa sita za usiku. Aliyejinasibisha hudaiwa. Hilo ndilo ningeliongeza kwenye somo lenu, na nalijua kwa sababu nimewahi kudaiwa.

Sikiliza, hili hata baba yako hakulijua lote. Ilikuwa mwisho wa 1997, zile mvua za El Niño. Visima vilijaa mpaka karibu na mdomo, nawe wajua visima vyetu na vyoo vyetu vilivyokaa kama watu na majirani zao. Redioni kila siku kipindupindu. Ofisi moja ikataka walimu wapite kuwaambia kina mama wachemshe maji ya kunywa, mimi nikapangiwa nyumba moja mtaa wa Langoni, wanawake kama thelathini. Nami ni mtu wa Malindi, sijatimiza miaka miwili tangu niolewe huku. Nikaona nitawapata kwa Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu. Usiku kucha nikajifundisha: ch iwe t, j iwe y. Jicho ni ito, nchi ni nti, maji ni mai. Nilidhani ni hesabu.

Nikavua viatu, nikajitanda leso, nikaketi mkekani pamoja nao. Mai yakaenda vizuri. Nikafika pa kusema kwamba hata maji ya chai lazima yatokote sawasawa, nikatamka "mai ya tai." Kimya. Mtoto mmoja akamwuliza mamake, "Tai si yule ndege?" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Chai ni mgeni, mwanangu. Alikuja na ch yake na Waamu wakamwachia. Mimi ndiye niliyemvua nguo.

Bibi mmoja, kijaluba cha tambuu kando ya goti lake, alingoja kicheko kiishe. Akaniambia, "Sema kwa kwenu, mwanangu, Kimalindi twakisikia. Lakini hayo makaa ya kuchemshia, nani atanunua?"

Sikuwa na jibu. Karatasi niliyopewa haikuwa na mstari wa makaa. Yule Mwingereza wenu Toulmin, mwaka 1958, alipoipasua hoja vipande vipande alikiwekea nafasi kipande cha "isipokuwa," yaani pale hoja inapoweza kukwama. Karatasi yangu ilikuwa na dai na ushahidi, tena ushahidi mzuri. Isipokuwa yake ilikuwa imekaa mkekani inatafuna tambuu.

Nilirudi siku ya tatu, na Kimalindi changu mdomoni. Nilikuwa na nusu ya jibu: wachemshe ya kunywa peke yake, jioni, juu ya moto ule ule wa chakula kabla haujazimika, wafunike. Na dawa ya kutibu maji nilikwenda kuidai kwenye ile ofisi mpaka wakanichoka, nikapewa chupa sita. Niliwaambia wazi kwamba hazitoshi. Waligawana wenyewe, waliokuwa na watoto wachanga kwanza. Hadi leo Langoni wako wanaoniita Mwalimu Tai, na akitaka mtu kusomewa barua ya serikali, hugonga kwangu.

Utaona kwamba nilipoiga ulimi wao hawakuniona mnafiki. Waliniona kichekesho, ambalo ni kosa dogo. Unafiki ungekuja kama nisingerudi.

Wale wawili wa Ubelgiji, Chaïm Perelman na Lucie Olbrechts-Tyteca, walifanya kazi pamoja karibu miaka kumi, kitabu kikatoka 1958 hiyo hiyo, na shina lake ni kwamba hoja huanzia kwenye lile ambalo hadhira imekwisha kulikubali. Usipolipata hilo, unasukuma ukuta. Wale wanawake walikwisha kukubali kwamba mtoto asife, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Halafu niulizie huko kwenu: mbona kwenye nakala zako kila mahali ni Perelman, Perelman, na jina la yule mama limebaki ukurasa wa mbele tu?

Hapo ndipo nilipompenda Nancy Fraser, yule mwanafalsafa wa Kimarekani. Habermas, mwanafalsafa wa Kijerumani, mwaka 1962, aliwasifu watu wa mikahawa ya London karne ya 18, walivyoketi wakajadili mambo ya umma kwa hoja, bila kujali nani mkubwa nani mdogo. Mimi nikaona madaka yetu ya milangoni na baraza za Mkunguni, wazee na kahawa yao. Fraser akauliza mwaka 1990: na wale ambao hawakuwa na kiti mle, hawakuwa wakisema? Wana uwanja wao pembeni, na huko ndiko hutunga maneno ambayo wakubwa watakuja kuyasikia baadaye. Sikuhitaji kuelezwa. Bibi yako alijua habari za mji mzima bila kutia mguu Mkunguni, kwa kupita wikio, kile kivuko cha juu ya njia, kutoka nyumba hadi nyumba. Leso husema ambalo mdomo hauwezi, na anayepaswa kusikia husikia. Na miaka ya 1970, mashairi ya uchaguzi ya Kimwondo yalipokuwa yakizunguka hapa kwa kaseti, ile kaseti iliingia ndani ambako mgombea mwenyewe asingekaribishwa. Wanawake waliyasikiliza, wakayahifadhi, wakayapima. Nawaza kama Habermas angeuhesabu na uwanja huo wa wanawake pia.

Turudi kwa bwana wako wa "mai." Kuiga kwake hakunisumbui. Nilichotazama ni kama alibaki kuulizwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, imeweka kushirikisha wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na si pambo. Juni 2019 jopo la taifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, uliokusudiwa kujengwa Kwasasi hapa Lamu, na moja ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. (Makaa tena, naona yananifuata.) Kukusanya watu ukawasomea si kuwashirikisha. Lazima wapewe nafasi ya kusema isipokuwa yao, na uondoke nayo.

Mgombea alirudi wiki iliyopita, safari hii Langoni. Yule bibi wa tambuu ametangulia, Mungu amrehemu, lakini mjukuu wake alisimama akamwuliza kwa Kiamu ambacho si cha kujifunza usiku mmoja: bomba la mtaa wao limekauka tangu Ramadhani, nani atalifuata? Mwanangu, bwana yule alijibu kwa Kiingereza.

Huo mtihani ni lini? Na ile makala ya Fraser, nakala yako imekatika kurasa za mwisho, nami nimebaki njia panda. Nipigie picha unitumie, lakini herufi ziwe kubwa, macho ya mamako si yale.

Mamako