Watoto na mashairi nyumbani: anza kwa kughani, maana itafuata

Dada, umeuliza ufanyeje ili wanao watatu wayapende mashairi, maana umewanunulia diwani, kitabu cha mashairi, na wao wanaiona kama kazi ya shule. Mimi ningekwambia uifunge hiyo diwani kwa sasa, ughani, yaani uyasome mashairi kwa sauti ya kuimba. Nimelea wanne hapa Tanga, na kila kilichowakaa kiliingia kwa masikio kwanza.

Mashairi yetu yalitungwa ili yaimbwe. Mtoto akilikuta shairi kwenye karatasi, kisha akaulizwa dhamira na maudhui kabla hajalisikia likighaniwa, atachoka, na ana haki ya kuchoka. Maswali hayo mwachie mwalimu wake. Nyumbani akikuuliza maana ya neno, mjibu, halafu endelea na ubeti.

Wa miaka mitatu minne hana haja ya kutafutiwa shairi. Wacheze Ukuti ukuti, washikane mikono na kuzunguka, na usiku baada ya kula wategeane vitendawili. Hapo wamekwisha kujifunza kupokezana na kungojea neno linalokuja.

Kwa wakubwa kidogo, anza na utenzi, shairi refu la mishororo, yaani mistari, mifupi. Kila mshororo una mizani nane, yaani silabi nane, mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti huishia kwa kina kimoja, yaani silabi inayofanana, na wa nne hubeba kina kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti hadi mwisho wa utenzi. Faida yake ni kwamba ukishika mahadhi, yaani sauti ya kuimbia, ya utenzi mmoja, unaweza kughania na mwingine. Kama huna mahadhi yoyote kichwani, mwombe mama au shangazi yeyote aliyepita kwenye maulidi na harusi za pwani. Usiogope sauti yako, watoto hawaijali.

Wala si jambo geni kwetu mzazi kumtungia mwanawe. Mwana Kupona, mshairi wa Pate, alipokuwa mgonjwa, mwaka 1858, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa wasia, na mpaka leo unasomwa. Shaaban Robert, mwana wa Tanga hii hii, alimtungia binti yake utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume utenzi wa Adili. Sisemi uwasomee hao watoto utenzi wa Mwana Kupona mzima. Sehemu kubwa ni mambo ya mke na mume, tena kwa Kiswahili cha kaskazini ambacho hata mimi hunisumbua. Ila waambie kwamba mama mmoja alikaa nyumbani kwake akamtungia mwanawe. Binti yangu mkubwa aliposikia hivyo aliniuliza mbona mimi sijamtungia yeye. Ikabidi nitunge.

Sasa siri kubwa, na hapa naomba unisikilize sana. Mkifika kwenye shairi la mishororo minne mirefu, ya mizani kumi na sita kila mmoja, kibwagizo, yaani mshororo wa mwisho, mpe mdogo kuliko wote. Hawezi kusoma, lakini mshororo huo unarudi kila ubeti, kwa hiyo anaushika upesi kuliko kaka zake, na wote hawana budi kumngoja yeye ndipo ubeti ukamilike. Kwangu mtoto huyo ndiye aliyekuwa akija kutuita jioni.

Kisha tungeni wenyewe, kila mtu na mshororo wake, juu ya jambo lililotokea humo humo ndani. Huu ni ubeti wetu, paka alipotuibia kitoweo, samaki aitwaye changu:

Jana kaja yule paka, kapitia dirishani,
Mfuniko ukaruka, ukalia sakafuni,
Changu wetu kamshika, katokomea gizani,
Paka kashiba hakika, sisi tutakula nini?

Hesabuni mizani kwa vidole, nane kwa nane. Ubishi utazuka, na ubishi huo ni mtamu. Wangu waligombania "mfuniko", mmoja akisema ni mizani tatu. Nikawaambia walitamke polepole, m-fu-ni-ko, wakaisikia ile "m" ikisimama peke yake. Lakini "mwana" ni mbili tu, mwa-na. Hakuna sarufi niliyowafundisha mezani iliyowakaa kama hiyo. Wakigundua pia kwamba shairi linawaruhusu kusema "kaja" badala ya "alikuja" ili mizani itimie, watachangamka kweli, hasa hao wako wanaosoma shule ya Kiingereza na kudhani Kiswahili ni kigumu. Mshororo ukipungua mizani, usiurekebishe wewe. Ughani kama ulivyo, sikio litawaonyesha palipopungua.

Huyo wa darasa la sita uliyesema hataki kabisa, usimlazimishe akae nanyi. Mpe simu arekodi wenzake, basi. Rekodi hizo mtumie bibi yao, na umwombe ajibu kwa ubeti. Kujibizana kwa mashairi ni desturi ya siku nyingi, gazeti la Mambo Leo lilikuwa likichapa mashairi ya wasomaji tangu enzi za mkoloni, na watu wakijibizana humo. Kijana wa umri huo hapendi kufundishwa, ila ubeti wa bibi ukija na swali ndani yake, ataona vibaya kuuacha bila jibu. Wangu wa tatu aliingia kwa mlango huo, na ndiye sasa anayesahihisha vina vyangu.

Hujasema wa katikati ana miaka mingapi. Akiwa hajafika saba, muweke kwanza kwenye utenzi, mishororo ya mizani kumi na sita bado itamkata pumzi.