Pikapu Inayodunda Barabara Kuu: Anza na Upepo wa Matairi, Usikimbilie Springi

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikisafiri kati ya Dar es Salaam na Iringa kwa pikapu yangu ya dabo kebini, na karibu kila safari ninapanda mtupu na kuteremka na mahindi. Mwaka wa kwanza safari ya kupanda ilikuwa adhabu. Gari likishafika kilomita 80 kwa saa, sehemu ya nyuma ilianza kudunda, na kila lilipopita kwenye rasta, yaani vile vituta vidogo vidogo vya barabarani, abiria wa kiti cha nyuma walinyanyuka kabisa. Nilipompeleka mama yangu nyumbani akitokea kliniki, aliniambia pale Chalinze, "Mwanangu, simama kidogo ninyooshe mgongo," kisha akaniambia hivyo tena Morogoro, na tena Mikumi. Safari hiyo ndiyo iliyonifanya niache kusema kwamba pikapu zote ndivyo zilivyo, nikaanza kutafuta chanzo.

Ni kweli kwamba pikapu haiwezi kutulia kama gari dogo la abiria. Pikapu nyingi tunazoendesha huku, kama Hilux, L200 na Ranger, zina springi za majani upande wa nyuma, yaani vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, navyo vimepimwa vibebe mzigo unaokaribia tani moja. Ukipakia mzigo huo, springi hukunjika na kukunjuka taratibu, gari likapanda na kushuka polepole. Ukiwa mtupu, springi ileile ngumu inasukuma bodi jepesi, nalo linarushwa upesi na kwa ghafla. Kwa hiyo ugumu kiasi fulani ni wa asili, na hakuna fundi atakayeuondoa wote. Ninachokizungumzia hapa ni ule mdundo unaozidi asili yake, na kwa uzoefu wangu mdundo huo una vyanzo vitatu vinavyopaswa kukaguliwa kwa mpangilio wa gharama: upepo, shokapu, halafu springi. Watu wengi huanza na springi, wakatumia fedha nyingi, na mara nyingine wakaliacha gari likiwa baya kuliko mwanzo.

Upepo wa matairi ndio ulionishangaza zaidi. Kijana wa upepo alikuwa na kawaida ya kuniuliza, "Bosi, ni pikapu, nijaze arobaini na tano?" nami nilikuwa nikikubali, kwa kuamini kwamba gari la mzigo linahitaji tairi ngumu. Siku moja nilifungua mlango wa dereva, nikafuta vumbi kwenye nguzo ya mlango, nikakuta kibandiko chenye mistari miwili ya vipimo, mmoja wa gari lenye watu tu na mwingine wa gari lenye mzigo. Mstari wa kwanza ulisema psi 30, psi ikiwa ndiyo kipimo cha shinikizo la upepo. Nilikuwa nimesafiri mwaka mzima nikiwa na psi 15 za ziada katika kila tairi, na tairi iliyojazwa hivyo haibonyei tena. Kila ufa wa lami unaigonga ekseli moja kwa moja. Niliposhusha hadi kipimo cha kibandiko, nusu ya tatizo iliisha kabla sijalipa shilingi hata moja.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu hewa ikipata joto shinikizo hupanda, takriban psi moja kwa kila nyuzi tano au sita za Selsiasi. Ukipima mchana ukiwa njiani utaona namba kubwa na kushawishika kupunguza, na kesho yake tairi itakuwa chini ya kipimo. Wala usishuke chini ya kibandiko kwa kutafuta ulaini zaidi, kwani tairi yenye upepo mdogo hujikunja ubavuni, hupata joto na hatimaye hupasuka, na kwa mwendo wa barabara kuu kupasuka huko kunaweza kupindua gari. Jambo jingine la kutazama ni aina ya tairi yenyewe: tairi za mizigo mizito zina kuta ngumu, na kama hubebi mizigo ya namna hiyo unaununua ugumu usiouhitaji.

Nusu iliyobaki ilikuwa kwenye shokapu na springi, na hapa inafaa kueleza uhusiano wa vitu hivi viwili, kwa kuwa ndiyo kiini cha jambo lote. Springi huhifadhi nguvu ya pigo na kuirudisha. Ikiachwa peke yake ingeendelea kunesa juu na chini mara nyingi kwa pigo moja. Shokapu ndiyo inayoizuia. Ndani yake kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vyembamba, na katika kupita huko nguvu ya mnesio hugeuka kuwa joto. Shokapu ikichoka, springi inabaki bila wa kuituliza.

Kipimo cha kusukuma kona ya gari kwa mikono na kuhesabu mara linaponesa hakifai sana kwa pikapu, maana springi za nyuma ni ngumu mno kwa mikono ya mtu. Mimi hutumia joto. Baada ya kilomita 20 hivi za barabara mbovu, simamisha gari, uguse kila shokapu kwa uangalifu kwa mgongo wa kiganja. Inayofanya kazi huwa ya vuguvugu au ya moto. Iliyo baridi huku wenzake ni wa moto haifanyi kazi yoyote. Zangu za nyuma zilikuwa baridi zote mbili. Fundi alipoifungua moja na kuisimamisha mezani, aliisukuma kwa kidole, ikashuka hadi mwisho bila ukinzani wowote, kama pampu ya baiskeli iliyokatika ngozi. Zibadilishe mbili za ekseli moja kwa pamoja, na umweleze muuzaji kwamba gari husafiri likiwa tupu mara nyingi, kwa sababu zipo shokapu zilizotengenezwa kwa ajili ya magari yaliyoongezewa springi za mzigo, na hizo zitakurudisha kwenye ugumu uleule unaoukimbia.

Springi nilizifikia mwisho. Fundi mmoja mtu mzima wa Morogoro alilala chini ya gari, akahesabu majani kwa kidole upande wa kulia, akahesabu upande wa kushoto, kisha akatoka na kusema, "Kaka, kuna jani moja kila upande si la gari hili." Aliyeniuzia gari alikuwa akisomba matenga ya nyanya kutoka Ilula, na aliongeza jani ili nyuma isikae chini. Kwa kazi yake lilikuwa jambo la kueleweka. Lakini springi iliyoongezwa nguvu hurudisha pigo kwa kishindo zaidi, na shokapu ya kawaida inazidiwa. Ndiyo maana zangu zilikufa, na ndiyo maana gari likiwa tupu lilidunda hivyo. Niliyaondoa majani hayo mawili. Anayebeba mzigo wa tani kila wiki asinifuate katika hili, maana ataivunja springi iliyobaki.

Kuna jambo katika kazi hii ambalo mafundi wengi huliruka kwa haraka. Bolti zinazopita kwenye bushi, yaani vile vipande vya mpira vya ncha za springi, zisikazwe kabisa gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Zishikizwe tu, gari lishushwe likanyage ardhi kwa matairi yake, kisha zikazwe. Zikikazwa gari likiwa bado juu, mpira wa bushi hubaki umejisokota gari linaposhuka, springi haichezi kwa uhuru, na bushi hupasuka mapema. Vilevile zile bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli hukazwa tena baada ya kilomita 500 hivi, kwa kuwa vyuma vilivyofungwa upya hulegea vinapokaa sawa.

Wengine huweka viroba vya mchanga nyuma, na inasaidia. Mimi huweka viwili vya kilo 50 ninapokuwa na wazee garini, nikivifunga kwa kamba imara juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Visiwekwe kwenye mkia wa bodi, kwani huko hunyanyua mbele na usukani huwa mwepesi. Usukani unaotetemeka kwa kasi fulani ni habari nyingine kabisa. Huo ni wa kupeleka matairi kwenye balansi.

Hata gari likiwa zima, lami yenye mawimbi inaweza kulidundisha kwa mwendo mmoja na si kwa mwingine. Kwa kilomita 90 kwa saa unapita mita 25 kila sekunde. Kama gari linanesa takriban mara mbili kwa sekunde, mawimbi yaliyoachana kwa mita 12 hivi yatalisukuma kila linapoanza kupanda, na mdundo utakua. Punguza hadi 75 au 80, nawe utalisikia likitulia bila kugusa kitu kingine. Kwenye vipande vilivyobonyezwa na malori mimi hufanya hivyo bila kungoja kulalamikiwa.

Siku hizi geji ya upepo inakaa kwenye dashibodi yangu. Nikipakia mahindi Iringa ninapandisha matairi ya nyuma hadi kipimo cha mzigo kabla ya kuuanza mteremko wa Kitonga, na nikishusha magunia Dar es Salaam silali bila kuyarejesha kwenye kipimo cha gari tupu.