LSAT ya skrini: mkono nao unahitaji tuisheni

Wanaoniuliza kuhusu LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria Marekani, karibu wote huanza na vitabu. Kitabu gani kizuri, tuisheni gani haina longolongo, nipige msuli miezi mingapi. Swali langu la kwanza ni jingine: mazoezi unayafanyia kwenye nini? Ukinijibu kwamba una rundo la mitihani iliyopita uliyoiprinti na penseli zilizochongwa vizuri, basi tuongee, maana mtihani wenyewe ulishaachana na penseli.

Kwa wasioufahamu: Marekani mtu hatoki kidato cha sita akaingia LLB kama kwetu. Anamaliza kwanza shahada yoyote, iwe ya uhasibu, ualimu au kilimo, halafu ndiyo anaomba kusoma sheria kwa miaka mitatu ili apate JD, shahada ya sheria ya huko. Mlangoni pa miaka hiyo mitatu amekaa LSAT, mtihani wa LSAC, taasisi yenye makao yake Newtown, Pennsylvania. Alama zinaanzia 120 na kuishia 180. Hakuna kifungu cha sheria cha kukariri. Unapimwa jinsi unavyosoma hoja ya mtu na kuona inapovuja. Siku hizi vyuo vingi vinapokea GRE pia, ule mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya uzamili, lakini kwa anayelenga sheria peke yake sioni sababu ya kuikwepa LSAT.

Kwa miongo mingi ulikuwa mtihani wa karatasi. Kisha ikaja Julai 2019. Watahiniwa wa mwezi ule waligawanywa, wengine wakapewa karatasi na wengine kishikwambi, na hakuna aliyejua atapata kipi mpaka siku yenyewe. Kwa kuwapooza, LSAC iliwaruhusu waone alama zao kwanza, na asiyezipenda azifute na kurudia bure. Kuanzia Septemba mwaka huohuo Marekani Kaskazini yote ikahamia kwenye vishikwambi vya Microsoft Surface Go. Mimi niliangukia msimu huo wa kwanza wa bila karatasi, nikiwa nimezoea kusoma kwa penseli tangu shule ya msingi. Ninayoyasema hapa nimeyapata kwenye kuhama huko, na nimeyaona tena kwa wadogo zangu niliowasaidia baadaye.

Maswali yenyewe hayakuguswa. Hoja zilikuwa zilezile, mitego ileile, dakika 35 kwa kila sehemu kama zamani. Kilichohama ni kazi ya mkono. Sisi tuliopita Nekta tunaujua mtihani kwa mkono: unapigia mstari, unazungushia neno, unachora mshale pembeni, unakata jibu baya, halafu unasiliba. Ukiondolewa hayo yote kwa mpigo, akili inaanza kutafuta pa kushika. Kwa wiki za mwanzo mtu aliyekuwa anapata vizuri kwenye karatasi anaweza kushuka, akadhani amekuwa mjinga. Hajawa mjinga. Mkono wake haujafundishwa.

Skrini inakupa vifaa vyake. Unaweza kupaka maandishi rangi, zipo tatu, au kuyapigia mstari. Unaweza kulifuta jibu usilolitaka likafifia. Unaweza kuliwekea swali bendera ili ulirudie. Ukubwa wa herufi unabadilika, na nafasi kati ya mistari pia. Juu kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Ikikusumbua unaificha, ila zikibaki dakika tano itakukumbusha.

Maoni yangu, na najua kuna watakaobisha: kati ya hivyo vyote vya lazima ni viwili tu, kufuta majibu na bendera. Rangi ni starehe. Nimemwona mtu anayepaka njano sentensi ya hoja, waridi ushahidi, chungwa upande wa pili, na akimaliza aya yake ni kanga ya sikukuu, lakini ukimuuliza mwandishi alitaka kusema nini, kimya. Mkono ulikuwa na kazi, kichwa kilikuwa likizo. Ukipaka, paka maneno mawili matatu kwenye kifungu kizima: jina la mtu mwenye msimamo, au pale mwandishi anapogeuza kauli.

Tuchukue swali la aina ya kupima hoja, nimelitunga mwenyewe. Manispaa imeweka taa kwenye barabara fulani, na tangu hapo ajali za usiku zimepungua; kwa hiyo taa ndizo zilizopunguza ajali. Unaulizwa ni jibu lipi, likiwa kweli, litaidhoofisha zaidi hoja hiyo. A inasema taa ziligharimu fedha nyingi. B, madereva wengi wamezifurahia. C, mwezi huohuo malori yalipigwa marufuku kupita hapo usiku. D, ajali za mchana hazikubadilika. E, miji mingine ina taa za aina hiyohiyo.

Kwenye skrini hoja iko kushoto, majibu yako kulia, na macho yanapenda kurukaruka kati ya pande hizo mbili kabla hayajaelewa upande wa kwanza. Nilichojizoeza ni kutovuka kwenda kulia mpaka nimejisemea kwa Kiswahili, kimoyomoyo, mwandishi anataka niamini nini na amenipa nini. Hapa: anataka niamini taa ndizo sababu, alichonipa ni kwamba mambo mawili yamefuatana. Basi natafuta sababu nyingine. Ndipo nahamia kulia, nabofya A ifutike, B ifutike, E ifutike. Zimebaki mbili. D ndiyo yenye mtego. Macho yakishachoka utaiona kama inapinga, kumbe inaibeba hoja, kwa sababu kama ni madereva wote waliokuwa wamestaarabika ghafla, mchana nao ungeonja. C inaleta sababu nyingine kamili. Tunaenda nayo.

Sasa angalia kilichotokea kwenye zile A, B na E. Kwenye karatasi ungezikata bila kufikiri, mkono uko hapohapo. Kwenye kompyuta kila kufuta ni kubofya mahali fulani padogo, na mtu huona uvivu. Matokeo yake akibaki na wasiwasi anayasoma yote matano upya, hata yale aliyokwisha kuyakataa. Maswali ni kama 25 katika dakika 35, yaani kila moja halifikishi hata dakika moja na nusu. Huna muda wa kumkataa mtu yuleyule mara tatu. Kwenye mazoezi futa kila jibu unalolikataa, hata swali likiwa jepesi, mpaka iwe tabia.

Bendera nayo ina sharti lake: usiiweke kabla ya kuchagua jibu. LSAT haikati alama kwa jibu la kosa, kwa hiyo swali lililoachwa wazi ni hasara tupu. Chagua unalolihisi, weka bendera, songa. Chini ya skrini kuna mstari wa namba za maswali unaokuonyesha yapi umejibu na yapi yana bendera, nawe unarudi moja kwa moja bila kupekua kurasa. Hapa skrini imeishinda karatasi, na mtu aliyewahi kuruka swali moja halafu akasiliba ukurasa mzima kwa kupishana mstari atanielewa bila maelezo.

Panapouma kweli ni kwenye kusoma vifungu virefu. Viko vinne, kimoja kikiwa cha matini mbili fupi zinazolinganishwa, na ukigawa dakika 35 kila kimoja kinapata chini ya dakika tisa pamoja na maswali yake. Kwenye karatasi unakumbuka mahali: ile sentensi ya jaji ilikuwa chini, kushoto, karibu na pindo. Kwenye skrini maandishi yanapanda na kushuka, na kumbukumbu ya mahali inapotea. Wanaosoma Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu wanaumia zaidi, kwa sababu tumezoea kurudi nyuma kuhakikisha.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni karatasi ya rafu, ambayo bado inaruhusiwa. Kila aya, maneno matatu manne, basi. "1 nadharia ya zamani. 2 wapinzani. 3 mwandishi katikati, anaegemea 2." Andika kwa Kiswahili kama ndicho kinachokuja haraka, hakuna anayesahihisha. Swali likija kuhusu msimamo wa mwandishi, unajua ni aya ya tatu hata kabla ya kugusa kipanya.

Nje ya mazoezi yenyewe, soma makala ndefu za Kiingereza kwenye kompyuta kila siku. Uchumi, sayansi, historia ya sanaa, lolote linalokuchosha kidogo. Usisomee kwenye simu. Simu imetufundisha kupitisha kidole na kuokota maneno, na tabia hiyo ndiyo LSAT inaiwinda.

Mazoezi ya mitihani kamili yafanyie LawHub, tovuti ya LSAC wenyewe. Ukifungua akaunti unapata baadhi ya mitihani bure, na mingine mingi kwa kulipia mwaka. Umuhimu wake ni kwamba sura ya skrini ni ileile utakayokutana nayo siku ya mtihani: vitufe vilevile, saa ileile, bendera ileile. Chagua ukubwa wa herufi unaoupenda mapema na ubaki nao. Karatasi sikukatazi kabisa. Mwanzoni, unapojifunza kuchambua aina za hoja bila saa, iprinti uichore utakavyo. Ila ukishaanza kujipima kwa muda, kila kitu kiwe kwenye kompyuta.

Tahadhari kwa wanaonunua vitabu vya mtumba. Vingi vina sehemu ya michezo ya mantiki, ile ya watu saba kukaa kwenye viti saba kwa masharti. Sehemu hiyo haipo tena. Angelo Binno, Mmarekani asiyeona, aliishitaki LSAC kwa sababu maswali yale yalitaka mtu achore michoro, na asiyeona atachoraje? Walifikia makubaliano mwaka 2019, na mtihani wa Juni 2024 ukawa wa mwisho wenye michezo. Tangu Agosti 2024 ni sehemu mbili za kupima hoja, moja ya kusoma vifungu, na moja isiyohesabiwa, ambayo huwezi kuitambua, kwa hiyo usijaribu. Kati ya sehemu ya pili na ya tatu kuna mapumziko ya dakika 10. Kwenye mazoezi pia simama dakika hizo 10, tembea, angalia mbali. Macho yanakauka.

Kuhusu mahali, wakati wa korona mtihani ulihamia majumbani, na baadaye watu wakawa wanachagua nyumbani au kituoni. LSAC imetangaza kwamba kuanzia Agosti 2026 walio wengi watafanyia kituoni, nyumbani ikibaki kwa wenye sababu maalumu kama za kiafya. Mimi nilikuwa naunga mkono kituo hata kabla ya hapo. Nyumbani msimamizi anakutazama kwa kamera, anataka kuona chumba kizima, pande zote mbili za karatasi yako ya rafu, na asiingie mtu mpaka umalize. Sasa nyumba gani ya Mswahili haibishwi hodi kwa saa tatu? Kama uko kwenye kundi linaloruhusiwa kufanyia nyumbani, omba chumba maktaba ya mtaa wenu au kwa rafiki anayeishi peke yake.

Ada inapita dola 200 kwa mtihani mmoja, bado hujagusa maombi ya vyuo. Kama una uraia wa Marekani au kadi ya kijani na kipato chako ni kidogo, omba msamaha wa ada kabla hujajiandikisha. Kurudia kunaruhusiwa, lakini mwisho ni mara saba maisha yako yote.

Na kuna insha, ambayo watu huisahau kwa kuwa haina alama. Inafanywa peke yake, siku nyingine, kwenye kompyuta yako mwenyewe: dakika 15 za kusoma mitazamo na kujipanga, kisha 35 za kuandika. Vyuo vinaisoma, na kwa sisi ambao Kiingereza tulikikuta darasani ni nafasi ya kuwaonyesha kwamba tunakiandika. Kama unachapa kwa vidole viwili, dakika 35 zitakwisha ukiwa aya ya pili, basi jifunze kuchapa kuanzia sasa, nusu saa kila jioni. Dirisha la insha hufunguliwa siku nane kabla ya mtihani. Iandike siku hizo, usingoje baada, kwa sababu kama huna insha iliyoidhinishwa kwenye faili lako alama zako hazitatolewa, na utakuwa unahesabu siku za mwisho za maombi huku wenzako wameshatuma.